Re: Kimondo cha Mwezi kisichoshika sumaku, ninunue?
Mkuu, sumaku kugoma kushika hicho kipande kusikutishe. Mawe ya Mwezini yana chuma tupu kidogo mno. Ila hata kokoto la barabarani halishiki sumaku, kwa hiyo hapo hujathibitisha kitu. Tazama upande uliokatwa: mengi yana vipande vyeupe vilivyogandamana ndani ya jiwe la kijivu, kama karanga kwenye kashata. Halafu mdai muuzaji jina rasmi la kimondo, kwa mfano NWA (yaani Kaskazini Magharibi mwa Afrika) au Dhofar (ya Oman) pamoja na namba, ulitafute kwenye orodha ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimondo. Hata lile la kwanza kutambuliwa kuwa limetoka Mwezini, Allan Hills 81005 la Antaktika, gramu 31 tu, lilijulikana kwa kulinganishwa maabarani na mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo kutoka Mwezini. Akikujibu “niamini tu”, funga pochi.