Makamasi yasiyomwisha mtoto: kwa nini antibayotiki hazimalizi?

*Asalam aleikum daktari. Kijana wangu wa miaka minne hamalizi mwezi bila makamasi mazito na sikio kumuuma. Usiku hulala mdomo wazi akikoroma. Kemisti hunipa antibayotiki, anapona, kisha baada ya wiki mbili hivi yanarudi yale yale. Je, vijidudu vimeshazoea dawa? Mama, Kisauni.*

Waleikum salaam, mama. Usugu wa dawa upo, lakini mtoto akipona kisha akarudia hivyo, mimi hushuku kwanza nyama za pua, yaani adenoidi. Ziko nyuma kabisa ya pua, juu ya kilimi. Hata akipanua mdomo huzioni. Zina mikunjo mingi, na humo bakteria kama Haemophilus influenzae na Streptococcus pneumoniae hujikusanya na kujifunika ute wanaoutengeneza wenyewe. Utando huo ndio biofilamu.

Chukua mtungi wa maji ulioota utelezi ndani. Ukiusuza tu, utelezi unabaki, sharti usuguliwe. Antibayotiki huua bakteria walio nje ya utando, homa ikashuka, mtoto akarudi kucheza. Walio ndani wamepunguza kasi ya kukua, na dawa nyingi huwapata vizuri wale wanaokua. Kuwamaliza kunaweza kuhitaji dawa kali mara mia, hata elfu, na hakuna mtoto wa kupewa kiasi hicho. Dozi ikiisha, baadhi hubanduka na kushambulia pua, au huingia mrija wa sikio, ambao mlango wake uko papo hapo kando ya nyama hizo.

Ukubwa wa nyama si hoja pekee. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitazama kwa hadubini ya elektroni adenoidi zilizotolewa kwa watoto. Kwa wenye sainasi sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu kwenye vishimo vya mifupa ya uso, biofilamu ilifunika wastani wa asilimia 94.9 ya uso wake. Kwa waliotolewa nyama hizo kwa sababu ya kukatika pumzi usingizini, asilimia 1.9. Watoto walikuwa wachache, lakini pengo hilo ni kubwa mno.

Kwa hiyo mama, tafadhali usinunue chupa nyingine kabla hajapimwa. Msafishe pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima, hata yakiwa ya chumvi, usimtie puani. Asivutishwe moshi wa sigara wala wa jiko la makaa. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kupunguza uvimbe. Wengi hupata nafuu bila kisu, kwani nyama hizi hunywea kadiri mtoto anavyokaribia kubaleghe. Zikikataa, au maji yakikaa sikioni hadi asisikie vizuri, hutolewa kupitia mdomoni akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na utando huondoka nazo.

Mrekodi kwa simu akiwa amelala, umpelekee video hiyo daktari wa masikio, pua na koo, pamoja na chupa za dawa zote alizokunywa. Ukiona pumzi inakatika kisha anashtuka akihema, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke siku hiyo hiyo.