Maswali ya wasomaji: Walimu kumi na wawili wanataka bahari

SWALI: Dada habari za kazi. Sisi ni walimu wanawake kumi na wawili hapa Kigoma, tuna mchezo wetu wa kila mwezi na mwaka huu tumesema hela isiishie kwenye vyombo tu, Desemba shule zikifungwa tunataka twende Zanzibar. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, bahari tunaiona kwenye simu tu. Mwenzetu mmoja kashapata nyumba Paje, picha nzuri mno na bei nafuu, anataka tulipie yote wiki hii hii. Mimi roho inasita. Tuanzie wapi? (Mwalimu, Mwanga)

JIBU: Mwalimu wangu, hiyo roho isikilize ila safari msiiache, nendeni. Msilipe tu kabla hamjajua maji ya huko yanakwendaje.

Sisi tumekulia ziwani, ukishuka Bangwe asubuhi maji yapo, ukirudi jioni yapo palepale. Bahari ya Hindi haiko hivyo jamani, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, yani kama kila masaa sita inageuka, na kesho yake inachelewa kama dakika 50 hivi kwahiyo saa zake hazikai sehemu moja. Upande wa mashariki wa Unguja, huko Paje, Bwejuu na Jambiani, chini ni tambarare, maji yakitoka yanaenda mbali kwelikweli, unabaki unatazama mchanga na akina mama wakihudumia mashamba yao ya mwani palepale ulipotaka kuogelea. Picha za hiyo nyumba bila shaka zilipigwa maji yamejaa. Sisemi Paje pabaya, pazuri sana, na kutembea kwenye mchanga ule maji yakiwa yametoka ni raha yake (vaeni viatu vya mpira, kuna vidude vyeusi vya miiba vinachoma vibaya). Ila kama kinachowatoa Kigoma ni hamu ya kuingia majini saa yoyote mnayojisikia, basi tafuteni Nungwi au Kendwa kule kaskazini, maji ya kule hayawakimbii hivyo.

Alafu mwezi, huo nyie mnaujua kuliko watu wengi wanaoenda Zanzibar. Si mnajua kukiwa na mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu taa zao hazivuti kitu? Sasa mwezi huohuo ukiwa mpevu, na tena ukiwa giza kabisa, ndo baharini kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na Unguja siku hizo yanakuwa yametoka kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi, yanarudi kujaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu hayaendi mbali sana. Kwahiyo shikeni kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe, na mwenye nyumba mpigieni mumuulize siku zetu hizo maji yanajaa saa ngapi, mtu wa pwani hilo atakujibu. Mwambieni pia awaoneshe nyumba kwa video, vyumba vingapi, vyandarua vipo, maji ya bomba yapo (chumvi ya bahari lazima uioge itoke), na muombe bei ya Watanzania kwa shilingi. Lipeni sehemu tu, mpewe risiti.

Desemba ni sawa, mvua za vuli zinakuwa zinaisha na mkipata manyunyu sio mbaya, ila Krismasi na mwaka mpya bei zinapaa, nyie shule zikifungwa tu ondokeni na mrudi kabla ya tarehe 20.

Kuhusu hela nakuomba fanyeni hivi. Kila mtu aandike kwenye karatasi bila jina kiasi anachoweza kutoa bila kukopa, mkunje, msome, alafu safari ipangwe kwa kiasi cha chini kabisa kilichoandikwa. Najua wenye nacho watanuna kidogo lakini ukipanga kwa kiasi cha juu yule mwenye kidogo hatosema, ataenda kukopa kimyakimya na safari itamuumiza mwaka mzima, mi hilo sitaki limpate mwalimu yeyote. Mfuko wa pamoja uwe wa usafiri, malazi na chakula basi, washike watu wawili sio mmoja. Mengine kila mtu na yake, anayetaka boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa aende, anayetaka kukaa Forodhani jioni na urojo wake akae, msilazimishane.

Njia ni ndefu, Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Kuna treni ya reli ya zamani kupitia Tabora, au basi mpaka Dodoma mkapande SGR ambayo tangu 2024 inafika huko, mnaingia Dar ndani ya masaa manne hivi, mnalala, asubuhi boti kama masaa mawili mpo Unguja. Mwenye hela ya ndege apande, mkutane Dar, isiwe ugomvi.

Na wasiojua kuogelea wasipande boti ndogo bila jaketi la kuokolea, hata kama nahodha anacheka. Ufukweni vaeni mnachotaka kuogelea nacho ila vijijini na Mji Mkongwe jifunikeni khanga, kule ni kama Ujiji tu.

SWALI: Dada, kwenda Zanzibar tunahitaji paspoti? Na ile bima niliyosikia? (Msomaji, Katubuka)

JIBU: Mtanzania hahitaji paspoti, ni nchi yako. Beba kitambulisho halisi, cha NIDA ndo kizuri zaidi, mana tiketi ya boti inakatwa kwa jina lako. Bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje ya nchi, wewe haikuhusu.

SWALI: Tulikuwa nane wa kusafiri pamoja, mmoja kajitoa wiki mbili kabla ya safari na anadai hela yake yote. Tumrudishie? (Msomaji, Gungu)

JIBU: Mrudishieni ile ambayo bado mnayo mkononi, yani ya chakula na nauli isiyokatwa. Ya nyumba iliyokwisha kulipwa mwambieni ukweli kwamba imeshaenda, ila mkipata mtu wa kuchukua nafasi yake basi hela ya huyo mpya apewe yeye. Kama kajitoa kwa ugonjwa au msiba, mchangieni hiyo ya nyumba nyie saba, mkigawana sio kubwa. Na muandike leo kwenye daftari la kikundi, mwisho wa kujitoa ni lini.