Kabla ya kuonyesha mfumo wako kwenye kongamano, kaa na watu wa masijala

Ninyi mnaokuja Tabora kwa mara ya kwanza kwenye kongamano la utengenezaji wa programu, najua kazi iliyowakesha wiki hii. Mnaremba ukurasa wa mbele, mnabadilisha rangi, mnapanga slaidi. Nami nilikesha hivyohivyo. Ila kongamano hili ni la wanafunzi pamoja na wafanyakazi wa vyuo, na wageni wengi hupitiwa na hilo neno la pili.

Mara yangu ya kwanza nilileta mfumo wa kusajili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kazi ya miezi minne. Nikauonyesha, watu wakapiga makofi. Wakati wa chai akaja mama mmoja, mtunza kumbukumbu wa chuo fulani, ameshika daftari la kaunta lililofunikwa kwa gazeti. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti. "Mwanangu, nami nijaribu." Akaandika jina la kubuni, kisha namba ya mtihani wa kidato cha nne, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu: namba si sahihi.

Namba yake ilianza na P. Mimi nilifanya mtihani nikiwa shuleni, namba yangu inaanza na S, na wenzangu wote niliowatumia kujaribu mfumo walikuwa na S. Basi nikaweka sharti kwamba herufi ya kwanza lazima iwe S. Lakini mtahiniwa wa kujitegemea, aliyerudia mtihani au aliyeacha shule akarudi akiwa mtu mzima, hupewa na Baraza la Mitihani namba inayoanza na P. Mfumo wangu ungewafungia mlango watu waliohangaika kuliko sisi wote kufika chuo. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Mama hakuishia hapo. Akafungua daftari, akanionyesha mistari aliyoiwekea alama kwa kalamu nyekundu, majina ameyaziba kwa kiganja. Huyu ameahirisha mwaka kwa sababu ya ugonjwa. Huyu amebadili jina, ana hati ya kiapo. Huyu cheti chake ni cha Burundi, kinasubiri kulinganishwa. Na huyu ana namba mbili, moja ya S na moja ya P, kwa kuwa alirudia masomo mawili.

Hapo kwenye namba mbili ndipo nataka mtulie. Mimi nilikuwa nimeifanya namba ya mtihani kuwa ufunguo mkuu wa jedwali la wanafunzi, yaani alama pekee ambayo mfumo unamtambua nayo kila mmoja. Mtu mmoja, namba moja. Kosa kama hilo hulirekebishi kwa kubadili mstari mmoja wa msimbo, kwa sababu jedwali la malipo, la matokeo na la mabweni yote yanaegemea ufunguo huo. Ilibidi nimpe kila mwanafunzi kitambulisho cha ndani kisicho na maana yoyote nje ya mfumo, halafu namba za mitihani nizihamishie kwenye jedwali lao, kila moja na mwaka wake. Jina nalo likapata jedwali la historia. Wiki tatu za kazi, wakati nusu saa mbele ya lile daftari, kabla sijaandika chochote, ingetosha.

Kwa hiyo nawaombeni: ukifika ukumbini usikimbilie meza ya vijana wenzako. Tafuta mtu wa masijala, wa uhasibu, wa maktaba. Tabora ina bahati hapa, maana Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi mjini na utunzaji wa kumbukumbu ni fani inayofundishwa. Zungumza naye Kiswahili cha kawaida. Usimuulize "unataka mfumo ufanye nini", kwani atakujibu kwa adabu tu. Muulize: "Mwanafunzi gani alikusumbua mwezi huu, na ulimaliza vipi?" Kisha nyamaza, andika.

Sasa mambo ya vifaa, kwa haraka. Chukulia kwamba intaneti ya ukumbini haipo. Watu wengi wakiingia kwa pamoja hulemewa, na bando lako nalo litakwisha. Mfumo uwake kwenye laptopu yako yenyewe, bila kutegemea seva ya mbali. Maktaba za Python, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari kwa lugha hiyo ya programu, zipakue kabla ya safari kwa amri ya pip download, uziweke kwenye flashi, zisakinishwe kutoka humo. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, haitaki mtandao ili ifanye kazi. Tangu Linus Torvalds aianzishe mwaka 2005, kila nakala hubeba historia yote ya mradi, na amri ya git bundle inaufunga mradi mzima katika faili moja la kumpa mwenzako mkononi. Chaji betri usiku, beba ekstensheni. Anayetoka Kigoma afike jana yake, asitegemee kuingia ukumbini akitokea stesheni.

Jambo moja silifanyii mzaha. Usilete orodha halisi ya wanafunzi ili mfumo uonekane umejaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, lakini hata isingekuwapo: namba ya simu ya binti wa watu si pambo la projekta. Tunga majina mia moja. Katika hao weka wenye P, wenye jina moja tu, aliyeahirisha mwaka, mwenye namba mbili. Data ya kubuni ya namna hiyo hupima mfumo vizuri kuliko orodha halisi ya darasa lako.

Na kongamano likiisha, rudi kwa yule aliyekupa nusu saa yake. Usiende wiki ya usajili, ana foleni hadi mlangoni. Nenda katikati ya muhula, asubuhi, ukiwa na laptopu, umwachie kiti aandike mwenyewe.