Nisubiri Novemba ndo ninunue vipande?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nalima mpunga huku Kahama, Juni hii nimeuza magunia nimebaki na milioni 3 nataka ninunue vipande UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ila kijana mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp kasema Wazungu huwa wanauza hisa Mei wanarudi Novemba, eti nisubiri bei ishuke. Ada za watoto nalipa Januari. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa mavuno. Huyo kijana hajakudanganya, msemo wa uza Mei uende zako ni wa zamani kule London, na hata hisa za Marekani, ukizifuata kwenye S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za kule, toka 1950, Novemba hadi Aprili kwa wastani zimelipa vizuri kuliko Mei hadi Oktoba. Sasa wastani haukulindi mwaka wako. 2020 soko liliporomoka mpaka Machi 23 watu wakaingia hofu, halafu kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba likapanda kama asilimia 12, aliyesubiri Novemba akanunua ghali.

Halafu hizo ni hisa, na wewe hela yako ina kazi Januari. Mi ningeipeleka Mfuko wa Ukwasi, mmoja wa mifuko ya UTT. Ule hauna hisa, hela inakaa kwenye amana za benki na hatifungani, yaani mikopo ya serikali na kampuni inayolipa riba, riba inahesabiwa kila siku na bei ya kipande inapanda kidogo kidogo, sasa hapo unasubiri msimu gani? Tufanye unalipa asilimia 12 kwa mwaka, milioni 3 inakuzalia kama elfu 30 kwa mwezi, Juni mpaka Novemba ni miezi 5, laki na nusu imeshakupita, na hiyo ni sare na viatu vya mtoto kabisa. Inaniuma kuona hela ya jembe imelala kwenye simu kisa meseji ya grupu.

Mfuko wa Umoja, nao wa UTT, ndo una hisa ndani, bei yake inaweza kushuka, kule weka ile usiyoigusa miaka kadhaa, na usiwinde mwezi, ongeza kidogo kila ukivuna.

Msimu wa kuuangalia wewe ni Desemba. Malipo yanahesabiwa kwa siku za kazi na Krismasi na mwaka mpya zinakula siku, kwa hiyo omba kuuza vipande vya ada katikati ya mwezi, usingoje shule zifunguliwe.