Usalama wa ghala hupangwa kabla ya lori kuingia

Ajali inapotokea katika maghala yetu ya nafaka, sukari na saruji, lawama huenda kwanza kwa mbeba mzigo: hakuvaa kofia, alikuwa na haraka, hakutazama anapokanyaga. Nimesimamia maghala ya aina hiyo Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na karibu kila jeraha lililoandikwa katika daftari lilikuwa limekwisha kuandaliwa saa au siku kadhaa kabla, tena na watu ambao hawakubeba gunia hata moja. Alikuwapo aliyepanga mlundo, aliyepokea mzigo uliozidi uzito, aliyeahidi malori mawili yapakuliwe kwa muda wa lori moja, na aliyepanga malipo. Kwa hiyo ushauri huu unawalenga zaidi wasimamizi na wenye maghala, ingawa naamini kibarua naye atapata ndani yake mambo ya kudai.

Nianze na malipo. Katika maghala mengi makuli hulipwa kwa gunia au kwa tani, na fedha hugawanywa jioni kwa kundi zima. Wenyewe huupenda utaratibu huo kwa sababu siku yenye mizigo mingi huwapa kipato kizuri, na sishauri ufutwe. Hata hivyo, ni lazima tukubali kwamba chini ya utaratibu huo kila dakika ya tahadhari hutoka mfukoni mwa mtu yule yule tunayemtaka awe mwangalifu. Akisimama kupisha foklifti (mashine ya kuinua mizigo kwa uma za chuma) amepoteza, akirekebisha ubao uliolegea amepoteza, akienda kunywa maji amepoteza pia. Mabango ya usalama ukutani hayana nguvu ya kushindana na hesabu hiyo. Kilichosaidia pale nilipopewa nafasi ya kuamua ni kuandika katika makubaliano malipo ya pembeni kwa kazi za maandalizi, yaani kufagia njia, kupanga chaga (majukwaa ya mbao ya kuwekea magunia), kuweka ubao na kujenga ngazi ya kupandia, pamoja na mapumziko mafupi ya maji yanayolipwa, hasa mchana ambapo joto chini ya paa la bati humchosha hata kijana mwenye nguvu. Mwenye mali hulalamika mwanzoni, lakini gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na siku moja ya kazi iliyosimama kwa sababu mtu amevunjika mguu.

Jambo la pili ni uzito. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mwanamume mzima mmoja asizidishiwe anapobeba kwa mwili wake, ilhali gunia la mahindi la kilo 100 bado linapandishwa mgongoni mwa mtu mmoja mbele ya macho yetu, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, huzidi hapo. Msimamizi anayo nafasi ya kukataa, na nafasi hiyo ipo wakati wa kuagiza mzigo, siyo lori likiwa tayari mlangoni. Mwambieni muuzaji mapema kwamba ghala linapokea mifuko ya kilo 50. Pale ambapo hilo haliwezekani, gunia zito liende kwa toroli. Somo la kukunja magoti wakati wa kuinua lina faida kwa anayeokota mzigo sakafuni, lakini halimsaidii anayewekewa gunia na wenzake wawili kutoka juu ya lori. Huyo huumia shingo na kiuno pale mzigo unapoachiwa ghafla badala ya kuteremshwa taratibu, kwa hiyo wanaostahili kufundishwa zaidi ni wale wawili walio juu.

Nikiulizwa ni kitu gani ninachokiogopa kuliko vyote ndani ya ghala, nitajibu mlundo uliopangwa vibaya. Magunia ya sandarusi huteleza kuliko ya katani, na wengi bado wanapanga sandarusi kwa mazoea waliyoyapata kwenye katani. Kila tabaka lipishane na lililo chini yake, kama fundi mwashi anavyopishanisha matofali; midomo ya magunia ya pembeni ielekee ndani; na mlundo upunguzwe upana kidogo kidogo kadiri unavyokwenda juu. Uanze juu ya chaga nzima zisizo na mbao zilizopasuka, na uache nafasi ya mita moja hivi kutoka ukutani ili mtu aweze kuuzunguka na kuukagua. Wapo wanaoiona nafasi hiyo kuwa hasara ya eneo, lakini mlundo ulioegemezwa ukutani huusukuma ukuta usiojengwa kwa kazi hiyo, na upande wake wa nyuma hakuna anayeuona mpaka siku unapoanguka.

Mlundo pia hubadilika baada ya kupangwa. Panya hutoboa magunia ya chini, maji ya mvua hupenya sakafuni, mahindi humwagika taratibu, na tabaka za juu huanza kuinama kuelekea upande uliopungua. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajaingia, msimamizi azunguke na tochi akitafuta nafaka zilizomwagika chini na kuupima mwinamo kwa timazi, kwa sababu jicho lililouzoea mlundo haliuoni ukiinama. Ukiinama, eneo lifungwe na mlundo upunguzwe kutoka juu. Kamwe asiruhusiwe mtu kuchomoa magunia ya chini, hata kama mteja anasubiri na shehena anayoitaka ndiyo iliyo chini. Mtu akifunikwa na magunia hukosa pumzi kwa uzito ulioko kifuani, na wanaokimbilia kumwokoa huweza kufunikwa na mporomoko wa pili. Dawa yake ni kupanga shehena tofauti katika milundo tofauti tangu siku ya kwanza, ili haja ya kuchimba chini isiwepo kabisa.

Mlangoni, kati ya lori na ghala, kuna ubao. Ubao huo uwe mpana wa kutosha mtu kukanyaga kwa miguu yote miwili, uwe umepigiliwa vipande vya kuzuia kuteleza, na ncha zake zifungwe. Magurudumu ya lori yawekewe vigingi, na ufunguo wa gari ukae mezani kwa mtunza ghala mpaka mtu wa mwisho ashuke na ubao uondolewe. Madereva hukasirishwa na sharti hilo la ufunguo, na baadhi huliona kama dharau. Wavumilieni, lakini msilegeze, kwa kuwa dereva aliyeitwa asogeze gari kidogo hana namna ya kumwona aliye juu ya ubao na gunia kichwani.

Kuhusu foklifti, wengi huogopa uma zake na kusahau mkia. Mashine hii huongozwa na magurudumu ya nyuma, hivyo inapokata kona mkia hutupwa upande wa pili na kumbana aliyesimama kando ya nguzo au mlundo. Yenye uwezo wa kuinua tani 3 huwa na uzito wake yenyewe unaozidi tani 4, kwa hiyo hata mwendo wa mtembea kwa miguu unatosha kuvunja mifupa. Njia yake itengwe na ya watu kwa rangi sakafuni na, inapowezekana, kwa kizuizi. Mzigo ubebwe chini, takribani sentimita 15 kutoka sakafuni. Ukimziba dereva macho, aende kinyumenyume. Kwenye mteremko mzigo uelekee upande wa juu. Dereva afunge mkanda, na afundishwe kwamba mashine ikianza kupinduka asiruke, bali ashikilie usukani na kuegemea upande wa pili, kwa sababu anayeruka huangukia pale pale paa la mashine linapotua. Wala mtu asipandishwe kwa uma kwenda kubadilisha taa.

Ufukizaji wa nafaka hauna majaribio. Vidonge vinavyotumika hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo huua watu kama inavyoua wadudu. Kazi hiyo ifanywe na mtaalamu mwenye kibali, milango ifungwe na kuwekewa alama, mlinzi wa usiku aambiwe kwa mdomo asilale ndani wala kandokando ya ukuta wa ghala, na ghala lisifunguliwe kwa kazi mpaka hewa ipimwe kwa kifaa. Harufu ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza ni onyo la kukimbia, lakini kutokuwepo kwa harufu si ruhusa ya kuingia.

Mtu akianguka kutoka juu ya mlundo, asiinuliwe kwa makwapa wala kupakiwa kwenye bodaboda, ambavyo ndivyo huruma hutusukuma kufanya. Alazwe pale pale kama hakuna hatari nyingine, kichwa na shingo vishikwe visisogee, na asafirishwe akiwa amelala juu ya ubao.

Mwisho ni daftari la mlangoni. Kila kibarua aandikwe jina na saa ya kuingia, hata kama amekuja kwa siku moja tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya anayeumia kazini, lakini kibarua ambaye jina lake halipo popote hupata taabu kubwa kuthibitisha kwamba siku ile alikuwa kazini. Daftari hilo hilo liwe na kurasa za matukio ya nusura, yaani gunia lililoanguka bila kumpata mtu au foklifti iliyofunga breki dakika ya mwisho, na anayeyaripoti asikatwe hata shilingi. Kurasa hizo zisomwe na mwenye ghala mwenyewe kila wiki, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuamua kununua chaga mpya, kupunguza idadi ya malori ya siku au kubadilisha malipo.