Swali la msomaji: Nianze na kanzidata au na skrini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilimaliza stashahada ya TEHAMA mwaka jana, niko Morogoro. Kikoba cha mama yangu kina wanachama 28, wakaniomba niwatengenezee mfumo wa hisa na mikopo. Nilianza na kanzidata, yaani hifadhi ya data, nikapanga majedwali manane, skrini zikakaa vizuri, lakini mweka hazina aliutumia wiki mbili tu akarudi kwenye daftari. Je, ningeanza na skrini badala ya kanzidata? Na nijifunze nini nisirudie kosa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata ungeanza na skrini, yangekukuta hayo hayo. Kikoba hicho kilikuwa na mfumo kabla hujafika. Umo ndani ya lile daftari la kaunta na lile sanduku la kufuli tatu. Wewe umejenga wa pili kabla ya kuusoma wa kwanza.

Siku ya kikao nenda bila kompyuta. Kaa karibu na mweka hazina tangu sanduku linapofunguliwa hadi linapofungwa. Usimuulize, "Mama, unataka mfumo ufanye nini?" Atakujibu kwa heshima tu, utoke mikono mitupu. Tazama mkono wake. Safu za hisa, jamii, rejesho na faini najua umeziweka. Angalia pembezoni, alipoandika kwa penseli: "atamalizia Ijumaa", "kalipiwa na dada yake", "amefiwa, asitozwe". Maneno hayo hayakuwa na pa kukaa kwenye skrini zako, naye hawezi kuendesha kikao bila hayo.

Kila neno la penseli linabadilisha jedwali. Aliyelipiwa na dada yake anataka muamala wenye mlipaji na mwanachama, watu wawili tofauti. Wa Ijumaa anataka mkopo mmoja uwe na marejesho mengi, si kisanduku cha tiki cha "amelipa". Na faini iliyosamehewa si faini ya sifuri: ilitozwa, kikao kikaisamehe, na yote mawili yaonekane.

Tazama pia anavyokosea. Hafuti. Anapiga mstari mmoja, anaandika namba iliyo sahihi pembeni na kutia saini, wote wakiona. Basi kwenye fedha usiweke kitufe cha kufuta. Muamala mbaya utenguliwe kwa muamala mwingine wenye tarehe na jina la aliyeuingiza. Salio nalo usiliandike kama namba ya kubadilishwa badilishwa. Likokotolewe kutoka kwenye miamala. Wala namba ya simu isiwe utambulisho wa mwanachama, kwa sababu laini hupotea na wengine hutumia moja watu wawili.

Sasa lile sanduku. Funguo tatu ziko kwa watu watatu ili mtu asifike kwenye fedha peke yake. Mfumo wako, nahisi, una nywila moja, ya mweka hazina. Umemkabidhi funguo zote tatu, na huenda hilo ndilo lililomtisha: siku hesabu ikipungua, atasimama peke yake mbele ya wenzake. Mkopo usitoke mpaka watatu wameingiza namba zao za siri, pale pale kikaoni.

Nami niliwahi kukosea hivyo. Nilitengenezea kituo kimoja cha afya mfumo wa kuandikisha wagonjwa, nikafanya tarehe ya kuzaliwa kuwa ya lazima: siku, mwezi, mwaka. Baadaye nafungua ripoti, wazee kwa mamia wamezaliwa tarehe 1 Januari. Karani hakuwa mzembe. Bibi ana homa, foleni imefika nje, anachokumbuka ni kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, na skrini inagoma kusonga. Mimi ndiye niliyemlazimisha karani kuandika uongo, na bado inaniuma. Siku hizi naweka nafasi ya umri wa kukadiria, na alama ya kuonyesha kuwa ni makadirio.

Waliobuni M-Pesa walianza majaribio Kenya mwaka 2005, wakilenga watu walipie mikopo midogo kwa simu. Walipowatazama watumiaji wakakuta wanatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikopewa nafasi ya mbele.

Ukiuliza ujifunze nini, jifunze kuchora vitu na mahusiano yake kwa mtindo wa mtaalamu wa kompyuta Peter Chen wa 1976, kwa penseli, kabla ya kugusa SQL, lugha ya kanzidata. Kisha jifunze utunzaji wa hesabu wa pande mbili, ambapo kila muamala huandikwa kwenye hesabu mbili, debiti na krediti. Kwa kazi za vikoba na SACCOS, mwezi mmoja wa uhasibu utakufaa kuliko lugha mpya ya programu.

Ukirudi, chora skrini kwenye karatasi, mpe mweka hazina peni, aingize kikao kilichopita. Kila anaposita, weka alama, usimsaidie. Ukishazirekebisha hizo ndipo ufungue kompyuta. Halafu daftari na mfumo viende pamoja kwa vikao kadhaa, na jumla zilinganishwe kabla sanduku halijafungwa. Zikipishana hata kwa shilingi 500, itafuteni pale pale, wote wakiwepo. Na usiwaambie waliache daftari; waachie wenyewe waamue lini.