Maswali ya Wasomaji: Kimeng'enya Kipo, Lakini Je, Kinafanya Kazi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika biokemia hapa Nairobi. Ninachunguza kimeng'enya cha jamii ya hidrolasi za serini (vimeng'enya vinavyovunja molekuli kwa maji, vikitumia asidi amino iitwayo serini) katika maini ya panya, na kingamwili ninayoitumia inaonyesha kiasi kilekile kwa panya wagonjwa na wazima. Msimamizi wangu ananishauri nitengeneze kitambuzi cha kemikali. Kuna haja gani, na je, naweza kukitumia kwenye vipande vya ini nilivyokwisha kuhifadhi kwa fomalini?
— Msomaji, Kasarani

JIBU: Msimamizi wako ana hoja. Kingamwili hutambua sehemu ya umbo la protini, na mara nyingi haibagui iliyo kazini na iliyozimwa. Kongosho, kwa mfano, hutoa tripsini ikiwa bado ni tripsinojeni, ambayo huanza kumeng'enya protini baada tu ya kufika kwenye utumbo mwembamba na kukatwa kipande chake cha mwanzo. Huenda hata kwa panya wako kiasi ni kilekile ilhali utendaji umebadilika.

Kitambuzi cha kemikali, kwa upande wake, hunasa kimeng'enya kilicho kazini tu. Kina sehemu tatu: kikundi kinachonasa, mnyororo wa kati, na alama ya kuonekana, ambayo huwa ni rangi inayong'aa au biotini (vitamini ndogo inayotumiwa kama kishikio). Kwa hidrolasi za serini, kikundi kinachofaa ni fluorofosfoneti, ambacho Benjamin Cravatt na wenzake wa Marekani walikitumia katika vitambuzi walivyovieleza mwaka 1999. Serini iliyo katika kitovu cha kimeng'enya hai, yaani sehemu yake inayofanya kazi, huchochewa na asidi amino jirani zake hata ikashambulia atomu ya fosforasi, florini ikatoka, na kitambuzi kikabaki kimeungana na kimeng'enya. Kitovu kikiwa kimezibwa au kimeharibika, hakuna kinachonaswa. Dawa za wadudu za oganofosfeti humdhuru mnyunyiziaji asiyejikinga kwa njia iyo hiyo, kwa kukishika kimeng'enya cha neva, kwa hiyo usiguse kitambuzi hiki bila glavu wala nje ya kabati la kufyonza hewa. Kikinge pia na unyevu, kwa maana maji hukivunja taratibu.

Alama kubwa inaweza kuzuia kitambuzi kupenya. Wengi huweka alkaini ndogo (kikundi chenye kaboni mbili zilizofungana mara tatu) badala yake, kisha huiunganisha na rangi yenye azidi (kikundi cha naitrojeni tatu) kwa msaada wa shaba baada ya kunasa kwisha. Kemia hiyo ni miongoni mwa kazi zilizowapa wanakemia Sharpless, Meldal na Bertozzi Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Vipande vya fomalini, kwa bahati mbaya, viache. Fomalini hufunganisha protini, na vimeng'enya vingi hupoteza utendaji wake humo. Utahitaji ini lililogandishwa upesi kwa naitrojeni ya kimiminika, likahifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri na kukatwa vipande vyembamba vya takriban mikromita 10. Fomalini ije baada ya kitambuzi, si kabla.

Kila mara andaa pia kipande kilichotangulizwa kizuizi cha kimeng'enya chako, yaani kemikali inayokizima. Kikiendelea kung'aa sawasawa na kile kingine, unachokiona si kimeng'enya unachokitafuta. Isitoshe, ini lina mng'ao wake wa asili, hasa upande wa kijani, kwa hiyo chagua rangi nyekundu, na upige kwanza picha ya kipande ambacho hakijatiwa kitu chochote.